Besi Ikikatwa Sekunde Ileile

Wiki jana, ndani ya matatu ya Rongai, kijana aliyeketi kando yangu alinisifia mkusanyiko mpya wa ridimu: wasanii kumi na wanane wa hapa hapa Nairobi, biti moja. "Mzee, hii ni moto," akasema, akaniazima kisikizio kimoja. Nikasikiliza vibao vinne. Kilichokuwa moto ni simu yake.

Wengi huhesabu majina kwenye jalada, kisha wasifie besi. Besi nzito hata kinyozi anayo. Wewe sikiliza inapokatwa. Fundi wa kweli huipika ridimu upya kwa kila mwimbaji. Neno kali likikaribia, anaondoa besi na ngoma, neno linaning'inia peke yake pumzi moja, kisha uzito unarudi kwa kishindo. Mwenye mzaha anaachiwa kinanda tu, anayebembeleza haguswi. Kazi aliyoisifia yule kijana je? Wimbo wa kwanza besi ilikatika sekunde ya 48. Wa pili, 48. Wa tatu, 48 vilevile, katikati ya neno, mwimbaji akabaki kama mtu aliyevutiwa kiti akiketi. Biti ilitumwa kwa WhatsApp, sauti zikarudi, zikabandikwa.

Enzi za waimbaji kina Redsan na Wyre nilikuwa nikimbebea nyaya fundi mmoja wa Eastlands. Alimwimbisha msanii mara tatu bila kugusa kitu, macho kayafumba, kidole juu ya kitufe. Mara ya nne ndipo anakata. Kuna msanii aliyenyang'anywa besi ubeti mzima, akanuna kwamba kaonewa. Usiku huo dijei alilazimishwa kuurudia wimbo wake mara tano.

Matapeli nao hawakuanza leo. Prodyuza mmoja, jina nalihifadhi, alipungukiwa na wasanii, akachukua sauti ya mmoja, akaipandisha kidogo, akaibatiza jina jingine. Wasanii hao wawili walikohoa mahali pamoja.

Na wasiniletee kisingizio cha vifaa. Ridimu ya Sleng Teng ya prodyuza King Jammy, mwaka 1985, ilitokana na mdundo uliokuja tayari ndani ya kinanda kidogo cha Casio. Wala wasiseme biti moja huzaa wimbo uleule: ridimu ya Diwali ya prodyuza Lenky Marsden imejaa makofi, lakini Sean Paul alipoichukua ikawa fujo ya ukumbini, na Wayne Wonder alipoichukua ikawa barua ya mapenzi.

Masharti yangu mengine ni haya: wasanii wasizidi kumi na wawili. Vesheni, yaani biti tupu bila mwimbaji, ikae mwisho, kamwe isitangulie. Na anayetaja jina la ridimu ndani ya wimbo wake hana la kusema. Usiniulize kwa nini.

Nilipofika nyumbani niliutafuta mkusanyiko ule, nikausikiliza wote. Ni wimbo wa kumi na moja tu ambao besi yake imekatwa panapostahili. Nunua huo, zile kumi na saba waachie wenyewe.