Kumfundisha Kifaranga Kula

Kifaranga wa kuku akianguliwa asubuhi, kesho yake anachakura. Wa bata mzinga anaweza kufa njaa chakula kikiwa mbele yake. Ndiyo maana mayai yakitimiza siku 28 na maganda yakaanza kupasuka, shangazi yangu wa Arumeru hana tena usingizi wa kueleweka.

Msimu uliopita nilikaa naye. Alichuchumaa mbele ya boksi la maranda, akashika kifaranga mmoja, akamchovya ncha ya mdomo kwenye maji, akangoja mpaka koo litikisike. Akamweka chini, akashika mwingine. Kwenye sahani ya maji alikuwa ametia gololi mbili: zinameta, vifaranga wanazidonoa, wanakutana na maji. Juu ya chakula akanyunyiza yai la kuchemsha na mchicha uliokatwa mwembamba, kisha akagongagonga kwa ukucha kama mdomo wa mama yao. Saa nzima ilipita hivyo. Mmoja akadonoa, wa pembeni akamwiga.

Joto la wiki ya kwanza ni kama nyuzi 35, lakini kipimajoto hana. Anawatazama tu. Wakijibana chini ya taa, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema midomo wazi, taa inapandishwa juu.

Kuku hawasogei banda la bata mzinga, na hapo namuunga mkono kabisa. Kuku hubeba minyoo inayohifadhi kimelea cha ugonjwa wa kichwa cheusi. Mwenyewe mara nyingi haumwi, bata mzinga ini linaharibika, anaharisha kinyesi cha njano, anakufa. Hata malapa ya banda la kuku shangazi huyavua langoni.

Wakipita miezi miwili, kazi hupungua. Wanatafuta majani na panzi wenyewe, madume wanatanua mikia na kuitikia kila mluzi unaopita njiani.

Siku ya kuchinja umakini unarudi. Usiku wa kuamkia siku hiyo bata hapewi chakula, maji tu. Maji ya kunyonyolea yasitokote, ngozi itachunika. Manyoya ya mbawa hung'olewa moja moja. Nyama hulala kwenye ubaridi usiku mzima ndipo iende jikoni.

Dume wa Krismasi alikuwa na kilo 11. Shangazi akaandika kwa chaki ukutani, akachukua kikapu, akaingia migombani: jike mmoja alikuwa ameanza kutoweka kila asubuhi.