Mkasi wa Matisse

Walikuwapo wahakiki waliozitazama kazi za mwisho za Henri Matisse wakaona humo mzee mgonjwa anayejipumbaza kwa karatasi na mkasi. Kauli hiyo yastahiki kujibiwa, kwani inazaa swali linalotugusa hata sisi tutungao mashairi: je, fani tuliyoletewa na udhaifu ni duni kuliko ile tuliyoichagua tukiwa na nguvu zetu?

Mfaransa huyo, aliyezaliwa mwaka 1869, alikwisha kuwa bingwa wa rangi za mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipokuwa akitayarisha mchoro wa ukutani wa Dansi uliopelekwa Marekani, karatasi zilizokatwa zilikuwa mtumishi tu: alizihamisha huku na huko apate kupanga maumbo kabla ya kuyapaka rangi. Mwaka 1941 alipasuliwa tumbo mjini Lyon, akanusurika kwa shida, na tangu hapo kusimama mbele ya turubai kukawa kazi nzito. Wasaidizi walimpakia karatasi rangi ya guashi, yaani rangi ya maji iliyo nzito, naye akazikata. Mtumishi akawa mwenzi.

Mapenzi hayo yalimjia bila kuyatafuta. Mwaka 1946, nyumbani kwake Paris, alikata mbayuwayu wa karatasi nyeupe akambandika ukutani kuficha doa. Doa likafichika, ila mkono haukutulia: wakafuata samaki, mwani na matumbawe, hata ukuta ukageuka bahari ya Tahiti, aliyoizuru mwaka 1930.

Mkasi ulimpa nini ambacho brashi haikumpa? Mchoraji huchora mstari kwanza, kisha akaujaza rangi. Vitu hivyo viwili huishi kwa kugombana. Mkasi unapopita ndani ya karatasi iliyokwisha kupakwa, mstari na rangi huzaliwa pamoja. Mwenyewe aliifananisha kazi hiyo na uchongaji. Aliyemtazama fundi wa milango ya Unguja ataelewa: patasi haichori ua juu ya mbao, hulitoa ndani yake.

Hata hivyo, kazi hizi tusizipime kwa kitabu chake cha Jazz cha mwaka 1947 pekee. Rangi zake zinang'ara, lakini Matisse mwenyewe hakuridhika nacho, kwa kuwa uchapaji uliondoa uhai wa karatasi zilizokatwa. Mfasiri yeyote anaijua hasara hiyo: maneno yamevuka salama, pumzi imebaki ng'ambo. Afadhali tuitazame Konokono ya mwaka 1953, iliyoko Tate, London, yenye karibu mita 3 kila upande. Hakuna konokono aliyechorwa pale; kuna vipande vikubwa vya rangi vinavyozunguka, na jicho linalazimika kuzunguka navyo. Mwaka uliofuata msanii alifariki.

Mtunzi aliyezoea mshororo wa mizani 16 akiingia katika utenzi wenye mizani 8, nafasi humpungukia, lakini sikio lake halipungui. Huenda likawa kali zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Matisse. Maradhi yalimfungulia mlango tu. Aliyeingia ni mtu aliyeitumikia rangi kwa nusu karne, na kule ndani hakujipumbaza: alifanya kazi.