Uongo na Ngano katika Filamu ya Supa Modo

Filamu ya Supa Modo, iliyoongozwa na Mkenya Likarion Wainaina na kuonyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2018, imesifiwa zaidi kwa kuwaliza watazamaji. Sifa hiyo haitoshi. Swali linalomhusu mwanafunzi wa fasihi ni hili: je, jamii inayomzulia mtoto hadithi inamdanganya?

Jo ni msichana wa miaka tisa ambaye ugonjwa wake hauna tiba. Mama yake anamtoa hospitalini amrudishe kijijini, aishi huko siku zake zilizosalia. Dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji wamfanye Jo aamini kwamba ana nguvu za ajabu, kama mashujaa wa sinema anazozipenda. Nia ni njema, lakini tendo lenyewe ni uongo, kwani anayetendewa hakushirikishwa.

Badiliko kubwa la kimaudhui latokea Jo anapodhihirisha kwamba anaujua ukweli, kisha akataka kijiji kitengeneze filamu ambayo yeye ndiye shujaa wake. Mambo yanayozuliwa ni yale yale. Kilichobadilika ni uhusiano baina ya wazuaji na mzuliwa. Fanani wetu huita "Paukwa!" akaitikiwa "Pakawa!" kabla ya kusimulia. Mwitikio huo ni ridhaa. Pasipo ridhaa, ngano haitofautiani na uongo.

Jambo hili si geni katika pwani ya Kilifi. Kwa mila ya Wagiriama, ambao Matsangoni ni miongoni mwa makao yao, mzee wa chama cha gohu akifariki huchongewa kigango. Kila mtu ajua kwamba ule ni mti. Hata hivyo marehemu husemeshwa na kutambikiwa hapo, wala hakuna aliyedanganywa. Ubunifu hapo ni njia ya kuubeba msiba, si ya kuuficha.

Huenda mhakiki akapinga kwamba mtoto wa miaka tisa hana uwezo wa kutoa ridhaa ya namna hii. Filamu yenyewe yamjibu: walioshindwa kuukabili ukweli ni watu wazima, na mtoto ndiye aliyewafungulia njia. Siri haikumlinda Jo, iliwalinda waliomficha. Kwa sababu hiyo, twaona kwamba filamu hii yastahili kufundishwa bega kwa bega na ngano zetu, si kuachiwa wapenzi wa sinema peke yao.