'Pembe Mraba' na 'Pembe za Mraba': Uhakiki wa Istilahi za Msingi za Jometri katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za hisabati katika Kiswahili umezunguka swali moja kwa muda mrefu: je, lugha hii ina maneno ya kutosha? Kwa upande wa jometri ya msingi, makala haya yanashikilia kwamba swali hilo limekwisha kupata jibu. Shule za msingi za umma nchini Tanzania zimefundisha somo hili kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwanafunzi anayehitimu huko ana nukta, mstari, pembe, pembetatu, mraba, mstatili, duara, kipenyo, mzingo, tufe na pia. Swali linalostahili kuulizwa sasa ni jingine: je, maneno hayo yakiwekwa pamoja yanajenga mfumo mmoja wa dhana, au yamekusanywa tu? Tutalijibu kwa kuhakiki neno 'mraba' na jamaa zake.

2.0 Istilahi wazi na istilahi fiche

Wanaistilahi wengi hulisifu neno lililo wazi, yaani lile ambalo msemaji anaweza kukisia maana yake kutokana na umbo lake. Kwa kigezo hicho, 'pembetatu' ni istilahi njema. Vivyo hivyo 'pembe kali' na 'pembe butu', kwa kuwa aliyewahi kushika kisu anajua kipi kikali na kipi butu. 'Kipenyo' nacho hakijifichi: ni kile kinachopenya duara kutoka upande hadi upande.

'Mraba' na 'mstatili' hayana uwazi huo. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, la kwanza katika mzizi wa nne, la pili katika mzizi wa urefu. Kiswahili kiliyapokea na kuyaingiza katika ngeli ya M-/MI-, 'mraba/miraba', 'mstatili/mistatili', kana kwamba silabi yake ya kwanza ilikuwa kiambishi chetu tangu asili. Maana ya mzizi haikuvuka nayo.

Kinyume na inavyodhaniwa, ufiche huu ni faida. Kihisabati, kila mraba ni mstatili, kwa sababu sharti la mstatili ni kuwa na pembe mraba nne tu. Anayeusikia urefu ndani ya neno 'mstatili' atasita kulikubali jambo hilo. Mzungumzaji wa Kiswahili asiyejua Kiarabu hana cha kumsitisha, maana kwake neno ni chombo kitupu, na mwalimu anaweza kukijaza fasili iliyo sahihi.

3.0 Mizigo mitatu ya 'mraba'

Tatizo huanza pale neno hili linapotoka katika upweke wake. Katika jometri ya shule 'mraba' limebebeshwa mizigo mitatu. Kwanza, ni jina la umbo. Pili, ni kibainishi cha kipimo cha eneo, kama katika 'sentimita za mraba'. Tatu, ni sehemu ya jina la pembe ya nyuzi 90, yaani 'pembe mraba'.

Mzigo wa pili unabebeka, kwa kuwa kipimo cha eneo hakika ni mraba mdogo unaorudiwa. Wa tatu ndio unaolemea. Vitabu hufasili mraba kuwa umbo lenye pande nne zilizo sawa na pembe mraba nne. Nayo pembe mraba, kwa jina lake, inamrudisha msomaji kwenye mraba. Fasili inazunguka pasipo kufika. Isitoshe, wapo wanaoifupisha pembetatu yenye pembe hiyo kuwa 'pembetatu mraba'. Mwanafunzi makini aliyefundishwa kwamba mraba una pande nne ana haki ya kuuliza pembetatu inawezaje kuwa mraba.

Sarufi nayo inachangia. Katika 'pembe kali' tuna nomino na kivumishi. Katika 'pembe mraba' tuna nomino mbili zilizoketi pamoja bila kiunganishi, na kinachoitofautisha na 'pembe za mraba' ni 'za' peke yake. Sentensi 'Pembe za mraba ni pembe mraba' ni kweli ya kihisabati, lakini kwa sikio la mtoto wa miaka kumi haisemi kitu.

4.0 Kurekebisha bila kubomoa

Njia ya haraka ingekuwa kubuni jina jipya, pengine 'pembewima'. Jina hilo lina mtego wake. Mwashi ana timazi ya kupimia kilicho wima, ana pimamaji ya kupimia kilicho mlalo, na ana skwea ya kupimia pembe. Vyombo ni vitatu kwa sababu dhana ni tatu: pembe ya nyuzi 90 hubaki hivyo hata umbo likiinamishwa. Mwashi huyo huyo akipima futi 3 upande mmoja wa kona ya msingi, futi 4 upande wa pili, na kuhakikisha kwamba kamba ya mshazari ni futi 5, amepata pembe mraba bila kuchora mraba wowote.

Mfano wake unaonyesha njia. Euclid aliifasili pembe hii kabla ya kuufasili mraba: mstari ukisimama juu ya mwingine na kufanya pembe mbili jirani zilizo sawa, kila moja ni pembe mraba. Tunapendekeza vitabu vyetu vifuate mpangilio huo. Pili, istilahi iandikwe kwa kuunganishwa, 'pembemraba', kama ilivyokwisha kuwa kwa 'pembetatu'. Mkazo mmoja utamwambia msomaji kwamba hili ni jina moja, na wala si maelezo kuhusu mraba. Tatu, 'pembetatu mraba' iachwe, isemwe 'pembetatu yenye pembemraba'.

5.0 Hitimisho

Kasoro ya namna hii haionekani neno linapokaririwa tu. Nchini Kenya majina ya maumbo hufundishwa katika somo la Kiswahili kama msamiati, ilhali hisabati kwa sehemu kubwa husomwa kwa Kiingereza. Huko 'mraba' halijatiwa kazini vya kutosha hata lielemewe. Tanzania imelitia kazini, na ndiyo maana nyufa zake zimejitokeza. Mwanafunzi anayeingia sekondari, ambako lugha hubadilika, akiwa na dhana iliyozunguka badala ya kufika, ataonekana kuwa ushahidi dhidi ya Kiswahili. Lugha italaumiwa kwa kosa la mpangilio wa fasili. Kosa hilo linarekebishika katika chapa ijayo ya kitabu, na gharama yake ni kuhamisha aya moja na kuunganisha maneno mawili.