Filamu Iliyouzwa Kabla ya Kuzaliwa

Anwani ya kitabu hiki peke yake imenitoa jasho. Jake Eberts na Terry Ilott walikiita *My Indecision Is Final* (1990), wakiipindua ile kauli ya wakubwa kwamba uamuzi wao ni wa mwisho. Nimejaribu "Kusita Kwangu Ndiyo Kauli ya Mwisho", nikaridhika nusu. Kinasimulia kuinuka na kuanguka kwa Goldcrest, kampuni ya filamu ya London iliyoanzishwa mwaka 1977. Mpenzi wa ushairi asikikimbie, kwani humu mna jambo linalomgusa kila mtungaji.

Eberts, Mkanada aliyetoka katika kazi za fedha, alifahamu kuwa filamu huuzwa nchi kwa nchi, mara nyingi kabla haijapigwa hata picha moja. Msambazaji wa Ujerumani au wa Japani huahidi kiasi fulani kwa kutazama mswada, jina la mwongozaji na sura ya mwigizaji. Benki nayo hukopesha kwa dhamana ya ahadi hiyo. Sisi tungesema ni mbuzi wa kwenye gunia, tena mbuzi mwenyewe hajazaliwa. Hata hivyo, bila dalali wa namna hii filamu nyingi njema zisingeonekana. Richard Attenborough aliihangaikia *Gandhi* kwa miaka ishirini, milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Fedha za Goldcrest, pamoja na zile za serikali ya India, ndizo zilizoifikisha kwenye pazia mwaka 1982. Ilipata tuzo 8 za Oscar na kuirudishia kampuni zaidi ya maradufu ya ilichotia.

Siri ya miaka ile ilikuwa kiasi: kutia fungu dogo na kugawana hatari na wengine. Kisha Eberts akahamia kampuni ya Kimarekani, uongozi ukamwangukia James Lee, na Goldcrest ikabeba mizigo mitatu mizito kwa mpigo: *Revolution*, *Absolute Beginners* na *The Mission*. Eberts aliitwa arudi mwaka 1985, lakini maji yalikwisha kumwagika.

Wengi husema *Revolution* ndiyo iliyoizamisha kampuni, na kweli hasara yake ilikaribia pauni milioni 10. Mimi nasita kuitupia filamu lawama yote. Ilitolewa Desemba 1985, na mwongozaji wake, Hugh Hudson, alilalamika kuwa aliharakishwa. Embe lilichumwa bichi kwa sababu mnunuzi alikuwa amesimama chini ya mti. Mwaka 2009 Hudson aliihariri upya, akaingiza sauti ya Al Pacino akisimulia. Nani kati yetu asiyelijua jambo hili? Nimewahi kukabidhi tafsiri yenye beti nne ambazo hazijawiva, kwa kuwa tarehe ilikuwa imekwisha kuahidiwa, na hadi leo siwezi kuzisoma mbele za watu.

Uzuri wa kitabu ni kwamba kina sauti mbili. Eberts husimulia aliyoyaona, Ilott hueleza yaliyotokea mwenzake asipokuwapo, na huo ni uungwana adimu katika vitabu vya wakubwa. Lakini mizani haiko sawa. Mikataba, hisa na vikao vya bodi vimeenea kurasa hata kurasa. Kazi ya mwandishi wa mswada, anayetafuta neno usiku, ni kama haikuwahi kufanyika. Najua ni kitabu cha biashara, ila biashara hii bidhaa yake ni maneno na picha, na muuzaji asiyeionja bidhaa yake hujikuta akiuza majina tu. Ndivyo ilivyokuwa katika miaka ya mwisho.

*The Mission* ilitunukiwa Palme d'Or huko Cannes mwaka 1986. Mwaka uliofuata Goldcrest, iliyozoea kuuza, ikauzwa yenyewe.