Klachi Inapoteleza: Namna ya Kumpima Fundi wa Subaru Yako

Gari la kawaida linalosukumwa na magurudumu mawili likikanyagwa mafuta kupita kiasi, matairi ndiyo hushindwa kwanza. Yanazunguka bure, moshi unapanda, na klachi inanusurika. Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution hazina mwanya huo. Matairi yote manne yameshika lami kwa pamoja na turbo imejaa, hivyo nguvu inayokosa pa kwenda huishia kwenye klachi. Dereva aliyezoea kuondoka kwa kishindo anaiunguza kidogo kila mara, bila kusikia hata tairi moja likilia.

Sifa ya magari haya kwetu ilijengwa barabarani. Mwaka 1994 dereva Mkenya Patrick Njiru alimaliza mbio za Safari Rally akiwa wa nne ndani ya Impreza, na mwaka 1997 Colin McRae akaishinda kwa Impreza. Lakini mengi yaliyoko mitaani yalifika yakiwa yameshatumika Japani, na mnunuzi hajui mwenye gari wa kwanza alikuwa akiliendeshaje. Kwa hiyo neno "klachi imekwisha" husikika mapema sana gereji, mara nyingi kabla ya mtu yeyote kupima chochote. Mwongozo huu ni wa mwenye gari anayetaka kumtofautisha fundi anayejua na fundi anayebahatisha.

Maswali kabla ya spana

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza. Tatizo linatokea gia ipi? Gari likiwa baridi au baada ya foleni? Injini imeongezwa nguvu? Klachi ilibadilishwa lini, na nani?

Swali la nguvu lina uzito wake. Klachi ya kiwandani imepimwa kwa nguvu ya kiwandani. Ukibadilisha programu ya injini na kupandisha presha ya turbo, klachi nzima kabisa inaweza kuteleza, kwa sababu mzigo umezidi uwezo wake. Fundi asiyeuliza hilo atakufungia klachi nyingine ya aina ileile, nayo itateleza vilevile. Klachi mpya nayo inahitaji muda wa kuzoeana na flaiwili. Watengenezaji wengi hushauri kilomita 500 hadi 1,000 za mwendo wa upole kabla ya kuikanyagia.

Mishale miwili

Ushahidi wa klachi inayoteleza uko kwenye dashibodi. Geji ya mizunguko husoma injini, iliyo mbele ya klachi. Spidomita hupata habari zake kutoka giaboksi au magurudumu, yaliyo nyuma ya klachi. Gia ikishaingia na mguu ukatoka kwenye pedali, mishale hiyo miwili lazima ipande kwa uwiano uleule. Ikiachana, kilichoiachanisha ni klachi.

Chukua mfano wa hesabu. Gari likiwa gia ya nne linakwenda kilomita 80 kwa saa kwa mizunguko 2,500. Likifika mizunguko 3,500 katika gia hiyohiyo, linapaswa kuwa kilomita 112. Ukiona 3,500 lakini spidomita iko 95, mizunguko zaidi ya 500 imepotea njiani na kugeuka joto.

Jaribio lenyewe hufanywa gia ya juu, ya nne au ya tano, kwenye mwinuko ulio wazi na usio na magari. Anza na mizunguko 2,000 hadi 2,500, kisha kanyaga mafuta yote. Klachi dhaifu huachia pale turbo inapoingia kwa nguvu, mara nyingi kati ya mizunguko 3,000 na 4,500, na huweza kushika tena huko juu torki ya injini inapopungua. Anayejaribu kwa gia ya kwanza hataona kitu, kwa kuwa gari huchomoka na mizunguko hupanda kabla turbo haijajaa. Fundi makini atafanya jaribio hili mara moja au mbili tu, maana kila mtelezo unaunguza. Aliye makini zaidi ataunganisha kompyuta na kurekodi mizunguko na mwendo pamoja, akuonyeshe mstari ulipovunjika.

Wapo wanaovuta breki ya mkono, wakaweka gia ya tatu na kuachia klachi, wakingoja injini izime. Jaribio hilo humnasa mgonjwa mahututi peke yake. Klachi inayoteleza turbo ikijaa tu itazima injini vizuri na kupewa cheti cha afya. Zaidi ya hapo, kwenye Impreza na Evolution breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma tu, na difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ndiyo inayobebeshwa mvutano.

Magonjwa yanayofanana

Hapa ndipo ujuzi unapoonekana. Gari likikosa nguvu na mizunguko nayo ikipanda polepole, klachi haihusiki. Tafuta bomba la turbo linalovuja au injini inayomisi. Magurudumu yakizunguka bure kwenye matope, mishale yote miwili hupanda pamoja, na hilo pia si la klachi.

Gia zikiingia kwa shida au kulia, hasa rivasi, klachi haikati. Huo ni ugonjwa wa kinyume kabisa na kuteleza, ingawa gereji nyingi hutoa dawa moja kwa yote mawili. Gari likibana na kurukaruka unapokata kona kali kwa mwendo mdogo, mtuhumiwa ni hiyo difu ya kati. Fundi wa kweli ataanza kwa kupima matairi, kwa sababu Subaru inataka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi takriban milimita 6.

Kuhusu pedali, usikubali hukumu ya "inashikia juu" peke yake. Klachi ya mafuta hujirekebisha yenyewe, na urefu wa pedali haueleweki bila ushahidi mwingine. Harufu ya kuungua nayo inasema kwamba klachi imepata joto. Haisemi kwamba imekwisha.

Kipimo cha dakika chache

Kabla ya kushusha giaboksi kuna jambo moja ambalo mafundi wengi huliruka. Pedali lazima iwe na mchezo mdogo mwanzoni, kabla haijaanza kusukuma. Bila mchezo huo, au tundu la kurudishia mafuta kwenye masta silinda likiziba, presha hubaki ndani na kuishikilia klachi nusu wazi, kana kwamba dereva amepumzisha mguu pale siku nzima. Klachi ikianza kuteleza, fundi hufungua kidogo skrubu ya kutolea hewa kwenye silinda ya chini. Klachi ikishika papo hapo, ugonjwa uko kwenye mafuta na masta silinda, na giaboksi haina haja ya kuguswa. Fundi anayekufanyia kipimo hiki amekuokolea fedha nyingi.

Giaboksi ikishashuka

Omba uwepo, au angalau uonyeshwe. Diski ipimwe kina cha ripiti kwa vania. Vitabu vya watengenezaji kadhaa huweka kikomo cha milimita 0.3. Diski ikiwa bado nene huku klachi ilikuwa ikiteleza, kazi haijakwisha, kwa sababu lazima chanzo kipatikane. Madoa ya bluu kwenye flaiwili na prisha pleti ni alama ya joto kali. Diski yenye mafuta ina swali jingine: mafuta yametoka wapi? Ya giaboksi hunuka kiberiti na hutoka kwenye sili ya shafti ya giaboksi. Ya injini hutoka kwenye sili ya krenki, na kwenye injini za Subaru za EJ hutoka pia kwenye kifuniko cha plastiki kilicho nyuma ya flaiwili, maarufu kwa kuvuja. Fundi anayebadilisha diski na kuacha uvujaji amefunga klachi mpya kwa ajili ya kuilowesha.

Wakati wa kurudisha, angalia mambo manne. Flaiwili ikerezwe au ibadilishwe, isifutwe kwa msasa tu. Beringi ya kuachilia na ile ndogo ya katikati ya flaiwili ziwe mpya. Uma wa klachi ukaguliwe nyufa. Bolti za flaiwili na prisha pleti zikazwe kwa spana ya torki, kwa msalaba na kwa hatua, kulingana na kitabu cha gari hilo. Epuka diski ya mitumba isiyopimwa, hata ukiambiwa imetoka Japani. Na gari hili likihitaji kubebwa, libebwe juu ya lori, magurudumu yote manne yakiwa hewani, usije ukaua difu ya kati ukitafuta kutibu klachi.

Bei ya chini isikudanganye, wala gereji yenye sakafu ya vigae. Mwambie fundi akuonyeshe mishale miwili ikiachana kabla hajafungua nati ya kwanza, na akukabidhi diski ya zamani mkononi baada ya kufunga ya mwisho. Akikataa mojawapo, chukua ufunguo wako uende kwingine.