Jina Kabla ya Kitambaa

Muuza kanga wa Darajani, Unguja, huitandaza doti mezani kwa mkupuo mmoja, na mteja, kabla hajashika kitambaa, huinama kusoma. Rangi ameshaiona tokea mlangoni. Anachokitafuta sasa ni lile andiko juu ya pindo la chini. Juzi nilimkuta bibi mmoja amesahau miwani nyumbani. "Inasemaje, mwanangu?" Kijana wa dukani akamsomea: Japo sipati tamaa sikati. Bibi akaisukuma pembeni. Hilo halikuwa neno lililomtoa nyumbani.

Mimi nakaa Malindi ya hapa Unguja, karibu na bandari, na riziki yangu ni kuandika maneno ya kuuzia bidhaa za watu: vibandiko, matangazo ya redio, karatasi za dukani. Katika kazi hii sijaona fundi wa kumshinda mtunga majina ya kanga.

Kanga ina pindo, mji ulio katikati, na jina, yaani lile andiko, na vyote vitatu huchorwa pamoja. Jina halipachikwi baada ya nguo kutoka kiwandani. Lina nafasi yake tangu kwenye karatasi, nalo ni mstari mmoja tu. Mchoro uliokwisha kuzoeleka huweza kurudi sokoni na jina jingine, na wanawake wakaukimbilia kama hawajapata kuuona.

Kanga hazikuanza na maneno. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Unguja walinunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga kuwa nguo moja pana. Majina yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Anayetajwa sana kuyaanzisha ni Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka Mombasa mwaka 1887, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Tangu hapo, mwenye duka aliyetaka kuagiza mzigo ng'ambo ilimbidi ajue kwanza mwanamke wa pwani ana neno gani moyoni asilopata pa kulisemea. Akalitafuta neno hilo kitambaa kikiwa bado cheupe.

Huko Marekani, kampuni ya Amazon humtaka mwenye wazo jipya aandike kwanza taarifa kwa vyombo vya habari kana kwamba bidhaa imeshatoka, ndipo waamue kama itengenezwe. Nilipolisikia hilo nilifurahi, kwani huku kwetu tumelivaa miaka mingi.

Nami nililijua kwa kuchelewa. Niliwahi kuitwa na kina mama fulani kuandikia kibandiko sabuni yao ya karafuu. Nilikuta vipande vimeshakatwa, vimekauka, vimepangwa kwenye makasha hadi usawa wa dirisha, chumba kizima kinanukia. Sabuni ilikuwa nzuri, povu lake laini. Nikashika kalamu niandike ni ya nani, nikakwama. Kwa mgeni wa hoteli kipande kilikuwa kizito mno kutia mkobani. Kwa mama wa Michenzani bei haikushikika. Mwisho nikaandika "Sabuni bora ya asili", maneno yanayoweza kubandikwa kwenye sabuni yoyote duniani. Makasha yalikaa. Hadi leo jambo hilo linaniuma, kwa sababu wale kina mama walifanya kazi kwa mikono safi na moyo safi. Laiti tungekaa pamoja karafuu zikiwa bado juani, sentensi moja ya kumwambia mnunuzi ingewaonyesha pa kupitisha kisu.

Siku hizi mtu akinijia na wazo, namwomba mstari mmoja, usiozidi upana wa kanga, kabla hajanunua hata ndoo. Wengine hukasirika, wanataka watengeneze kwanza. Kitu kikishakamilika naurudia ule mstari, nauweka kando yake na kuulinganisha. Kilichoahidiwa kisipokuwemo, nafuta, hata kama neno lenyewe lilikuwa tamu.

Yule bibi alisomewa doti nyingi. Kijana hakuchoka. Hatimaye akatandaza ya buluu iliyokoza: Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Bibi akanyamaza. Akaomba asomewe tena, polepole. Kisha akaizungusha kiunoni juu ya buibui lake, akatupa mgongo.

"Yasomeka kwa nyuma?"

"Yasomeka, bibi."

Akafungua kipochi bila kuuliza bei.